Kipande cha Kushoto

Chuoni, Bweni la Wasichana
11 Februari 2007

Mpendwa Mjomba Cornelius,

Chamgei. Mimi ni mzima, ila vumbi la Februari limenikwaruza koo hadi naongea kama jogoo mchanga. Nyumbani Litein niliwaacha salama. Mama anachuma chai kwa jirani siku tatu kwa wiki, siku zinazobaki anachuma yetu. Ng'ombe mwekundu alizaa ndama dume, naye Mama akanuna siku mbili nzima. Nyanya huniuliza kila nikienda nyumbani kama huko Doha kuna mursik, maziwa yetu ya mgando. Nilimwambia yapo. Kama hayapo, nisamehe, lakini alilala akiwa na furaha.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, maana nimelizunguka kwa ukurasa mzima. Nilianguka hisabati. Hayo mengine ya kilimo, udongo na mimea, nilipita vizuri. Hisabati ni ya lazima kwa mwaka wa kwanza, na tuko watu mia tatu ukumbini. Mhadhiri anaonekana mdogo kama kidole. Swali lililonimaliza lilikuwa na bano moja kubwa lililokumbatia mistari miwili ya fanksheni, kila mstari na sharti lake pembeni. Tuliambiwa tuchore grafu. Mimi nikachora mistari yote miwili, mirefu, kutoka mwisho wa karatasi hadi mwisho mwingine, ikapitana katikati kama mkasi. Mhadhiri aliweka sifuri na kuandika neno moja: Vipande.

Vipande gani, Mjomba? Nimewauliza wenzangu, nao wananiambia niangalie kitabu. Nimekiangalia.

Mtihani wa kurudia ni tarehe 20 Agosti. Nikianguka tena natolewa chuoni, hakuna sapu ya pili. Mama hajui. Wewe ndiye uliyenifundisha hisabati kidato cha kwanza na cha pili, na tangu walipokutoa pale shuleni sijapata mwalimu mwingine aliyenisubiri nielewe. Najua ungependa kupiga simu, lakini kadi ya simu huisha kabla hatujamaliza kusalimiana, na mchoro haupiti kwenye simu. Niandikie.

Mpwa wako,
Cherotich


Najma, Doha
2 Machi 2007

Cherotich, mwanangu,

Chamgei mising. Barua yako ilikaa siku sita kwenye meza ya ofisi ya kampuni kabla mtu hajanikabidhi. Nimefurahi ndama amezaliwa, hata kama ni dume. Mursik hakuna, lakini usimwambie nyanya yako.

Leo ni Ijumaa, siku ya mapumziko. Asubuhi tulikwenda kusali kwa jamaa mmoja Mkenya kule Al Mansoura, watu ishirini na saba kwenye sebule moja, viatu vikijaa hadi kwenye ngazi. Sasa nimeketi kitandani. Tuko sita chumbani. Juu yangu analala Philipo, kijana wa Mbale, Uganda, ambaye pia ndiye hunipokea zamu langoni. Tunalinda lango la shule moja ya watoto wa matajiri. Usicheke. Walimu wa hisabati wananipita kila asubuhi, nami nawafungulia.

Vipande, basi. Sikiliza.

Mimi nashika lango kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Philipo analishika kuanzia saa kumi na mbili jioni. Ukiuliza, "Nani yuko langoni?" jibu langu lina mistari miwili na kila mstari una sharti lake. Huwezi kusema Cornelius yuko langoni siku nzima na Philipo yuko langoni siku nzima. Hivyo ndivyo ulivyochora wewe. Kila sheria inatawala ndani ya mpaka wake tu. Ikitoka nje ya mpaka, haipo.

Na mpakani kwenyewe? Saa kumi na mbili kamili jioni lango ni la nani? Mudir, msimamizi wetu, alituambia siku ya kwanza: ni la anayeingia. Kitu kikiibwa saa kumi na mbili kamili, anaulizwa Philipo. Basi kwenye grafu, mwisho wa mstari wangu weka duara tupu, kuonyesha nimefika pale lakini si pangu. Mwanzo wa mstari wa Philipo weka nukta iliyojazwa. Alama ya "chini ya" peke yake hupewa duara tupu. Ikiwa na kijistari cha "au sawa na" chini yake, jaza.

Tuchukue huu: x ikiwa chini ya 1, thamani ni x kuongeza 3. X ikiwa 1 au zaidi, thamani ni x mara 2. Chora mistari yote miwili kwa penseli hafifu, mizima, kama ulivyofanya. Kisha simamisha mstari wa vitone pale kwenye 1. Kushoto kwa vitone, futa mstari wa pili. Kulia, futa wa kwanza. Yanayobaki ndiyo jibu. Mstari wa kwanza utafika kwenye 4 na duara tupu. Wa pili utaanzia kwenye 2 na nukta iliyojazwa. Usiogope ile ngazi katikati. Si kosa lako. Fanksheni yenyewe ndiyo iliyoruka.

Nimekuandikia maswali matatu nyuma ya karatasi hii. La tatu lina vipande vitatu. Yachore uniletee, nitayasahihisha kwa wino mwekundu kama zamani.

Mama yako nitamwachia wewe umwambie.

Mjomba wako,
Cornelius


Chuoni
30 Machi 2007

Mjomba mpendwa,

Salamu kutoka kwa sote. Mvua imeanza na Mama ameacha kulalamikia ndama. Nyanya amepata nafuu ya nyonga, anatembea hadi kwa jirani na kurudi na habari zaidi ya alizokwenda nazo.

Nimeelewa. Nilikaa maktaba na karatasi ya grafu, nikachora kwa penseli hafifu, nikasimamisha vitone, nikafuta, yaliyobaki nikayapitishia wino. Nilipomaliza nilicheka peke yangu na msimamizi akanitazama vibaya. Miezi minne nilikuwa nikiamini kuna kitu kichwani mwangu hakifanyi kazi, kumbe nilihitaji kifutio tu.

Nimekufungia michoro yote mitatu. Swali la tatu limenisumbua kidogo. Ulisema x ikiwa chini ya hasi 2, thamani ni 3 daima. Kutoka hasi 2 hadi 2, pamoja na hizo mbili, ni x mara yenyewe. Zaidi ya 2, ni 6 kutoa x. Kipande cha kwanza nimekichora kimelala, upande wa kushoto, na duara tupu mwishoni. Cha kati kimepinda kama bakuli. Lakini pale kwenye 2, bakuli linafika 4 na mstari wa mwisho nao unaanzia 4. Je, niweke duara tupu hapo au nisiweke? Nimeliandika swali hilo pembeni mwa mchoro, kushoto, ili usilisahau ukisahihisha.

Bado sijamwambia Mama. Niambie habari zako pia, si hisabati peke yake.

Cherotich


Najma
27 Aprili 2007

Cherotich,

Nawasalimu nyote. Mwambie nyanya yako apunguze safari za kwa jirani. Joto limeanza, kufikia saa nne asubuhi chuma cha lango hakishikiki bila kitambaa. Philipo ametumiwa picha ya mtoto wake wa kwanza na ameibandika ukutani kando ya kitanda changu, kwa kuwa kando ya chake kuna dirisha.

Unauliza habari zangu. Bega la kushoto linauma kidogo, niligonga mlango. Milango ya huku imewekwa ovyo. Nimenunua miwani ya kusomea kwenye duka la hapa mtaani.

Nimesahihisha. La kwanza na la pili ni safi, ila mhimili wa pili hukuuandika jina. La tatu limenisikitisha. Kipande cha kwanza hukukichora kabisa. X ikiwa chini ya hasi 2, karatasi yako ni nyeupe. Nimekufundisha tangu ukiwa na miaka kumi na minne: sharti moja likiachwa, jibu zima limekufa. Mwalimu hatakupa alama kwa uliyofikiria. Atakupa kwa uliyochora. Usiwe na haraka namna hiyo.

Rudia la tatu. Nimeongeza mengine mawili.

Mjomba wako


Chuoni
19 Mei 2007

Mjomba mpendwa,

Tunakusalimu. Mama amepanda viazi ukingoni mwa chai, na wiki iliyopita alifika gari la kampeni likapiga muziki mbele ya soko hadi ng'ombe wakakata kamba. Hongera kwa Philipo.

Pole na bega.

Umesema kweli kuhusu swali la tatu, kipande cha kwanza hakikuonekana vizuri. Nadhani nilitumia wino hafifu. Nimekirudia na kukikoleza. Safari hii nimehamishia michoro yote upande wa kulia wa karatasi, ili kushoto pabaki nafasi ya masahihisho. Swali langu kuhusu pale vipande viwili vinapokutana kwenye 2 nimeliandika katikati, kwa herufi kubwa, kwa sababu safari iliyopita hukulijibu.

Nilikwenda nyumbani Jumamosi. Nyanya alikuwa akisimulia habari za marehemu babu, jinsi alivyoanza kumimina chai kando ya kikombe na kuwagombeza watu eti wamekisogeza. Nyanya alicheka, Mama hakucheka. Ni mambo ya zamani. Sijui kwa nini nakuandikia.

Mtihani umebaki miezi mitatu. Tafadhali usichelewe kujibu.

Cherotich


Doha
22 Juni 2007

Cherotich,

Salamu kwa wote. Siko tena langoni. Wamenihamishia stoo moja ya kampuni huku Al Wukair. Nje ni mchanga na nyumba zisizomalizika, ndani ni mabomba na mabati, na kiti. Ni kazi ya kupumzika. Ijumaa narudi Najma.

Ya babu yako tuyaache.

Jibu lako ni hili. Vipande viwili vikifika mahali pamoja kwa thamani ileile, huweki duara lolote. Duara tupu la huyu linajazwa na nukta ya mwenzake. Unapitisha penseli moja kwa moja bila kuinua mkono. Pale kwenye hasi 2 havikukutana, kimoja ni 3 na kingine ni 4, basi pale acha pengo na alama zake. Kwanza hesabu thamani za pande zote mbili za mpaka, ndipo uchore. Wengi hupotezea alama hapo.

Michoro yako mipya ni mizuri. Mwandiko wangu umepanda mlima, vumilia. Barua hii naitoa kwa mkono wa Dedan, mwenzetu anayekuja likizo Kenya. Amesema ataifikisha wiki ya kwanza ya Julai. Ni haraka kuliko posta.

Cornelius


Litein
24 Agosti 2007

Mjomba,

Sote tuko hai. Nyanya anakohoa.

Dedan alifika hapa juzi, tarehe 22. Alipotua nchini alikuta baba yake amefariki, akakaa Nyeri kwenye matanga na shughuli zake, na barua yako ikakaa mfukoni mwa koti lake. Aliomba radhi akiwa amesimama mlangoni, akakataa chai. Hatuwezi kumlaumu. Mtihani ulikuwa tarehe 20.

Swali lilikuja, vipande vitatu. Nilichora kwa penseli hafifu, nikasimamisha vitone, nikafuta, kama ulivyonifundisha. Mpaka wa kwanza viliachana, nikaweka alama zake. Mpaka wa pili vilikutana, na mimi sikuwa na jibu lako. Nikaweka duara tupu, nikalifuta, nikaliweka tena. Muda ukaisha likiwa limewekwa. Matokeo ni mwezi wa kumi au wa kumi na moja.

Lakini sikuandikii kwa ajili ya hilo. Dedan alipoketi mwishowe, Mama alimuuliza, "Ndugu yangu yukoje?" Dedan akatazama chini, akasema, "Mwalimu anatembea mkono ukiwa ukutani." Mama akamuuliza tangu lini. Akasema tangu mwanzoni mwa mwaka, ila wote walinyamaza kwa sababu wewe ulinyamaza.

Mjomba, mimi nilijua mwezi wa tano. Barua yako yenye wino mwekundu ilipofika niliitandaza karatasi yangu mezani. Kipande cha kwanza kilikuwepo. Kilichorwa kwa wino wa buluu, kimelala kushoto, na duara lake tupu, na swali langu limeandikwa kando yake. Wino wako mwekundu ulikuwa umejaa upande wa kulia na katikati. Kushoto hapakuwa na hata alama moja, utadhani mtu amekata karatasi kwa kisu. Nilikaa nikaitazama hadi taa zikazimwa. Niliyajua macho ya babu. Kila mtu hapa nyumbani anayajua. Mama alishika ncha ya fimbo yake kumwongoza tangu akiwa na miaka tisa, ndiyo sababu hakumaliza shule.

Ningeweza kukuandikia usiku uleule, "Mjomba, nenda hospitali." Ningeweza kumwambia Mama akupigie simu. Lakini nilifikiri: nikisema, atarudishwa nyumbani au atakasirika, na vyovyote vile hataniandikia tena kabla ya Agosti. Nikahamishia michoro kulia. Niliihamisha ili uendelee kunifundisha.

Nimemwambia Mama yote, ya kuanguka mtihani na ya karatasi. Hakunipiga. Alikwenda kukamua, na ndoo ikarudi nusu.

Nenda kwa daktari. Sitaki maswali mengine. Niambie tu unaona nini.

Cherotich


Najma, Doha
21 Septemba 2007

Kwa Cherotich,

Anayeandika ni Philipo. Mjomba wako yuko kitandani pake chini yangu, ananitajia, nami naandika asemavyo. Anasema nikiongeza langu nitajua.

Chamgei, mwanangu. Salimia mama yako na nyanya yako. Mwambie mama yako nimeisikia simu yake na nimesikia alivyolia, na sikukata mimi, kadi iliisha.

Unataka kujua ninaona nini. Nilikwenda kwa daktari mwezi wa nane, siku mbili baada ya mtihani wako. Ni daktari mpole, Mhindi. Alinipulizia upepo jichoni, akanionyesha vitaa na kuniambia nibonyeze kila nikikiona kimoja. Nilikaa muda mrefu bila kubonyeza, nikidhani mashine imeharibika. Presha ya macho imekula mshipa. Jicho la kushoto limekwisha. La kulia limeliwa upande wa pua, na lililobaki ni kama kutazama kupitia mlango uliofunguliwa kidogo. Kilichopotea hakirudi. Amenipa matone ya kulinda kilichobaki.

Langoni sikuhamishwa nipumzike. Mwezi wa sita gari lilikuja kutoka kushoto, sikuliona, nikateremsha chuma cha lango juu ya paa lake. Ndani mlikuwa na mtoto wa kike. Hakuumia, lakini alipiga yowe ambalo hadi leo nalisikia. Baba yake alishuka, akanipungia mkono mbele ya uso, kushoto, kisha kulia. Ndipo akajua. Hakunitukana. Alimwita mudir.

Sasa hilo la karatasi yako. Nimemwambia Philipo anisomee mara tatu. Unasema ulijua mwezi wa tano. Mimi nilijua mwezi wa kwanza. Karatasi yako ilipofika, niliona nusu. Swali nililitunga mwenyewe, vipande ni vitatu, barua yako ilisema umevichora vyote, na wewe huwezi kuacha kimoja, nakujua. Ilinibidi kugeuza shingo tu, Cherotich. Ningegeuza shingo kidogo ningekiona kipande chako. Sikugeuza. Nilishika kalamu nyekundu nikaandika kwamba hukukichora. Nilikuwa mwalimu miaka kumi na mmoja bila cheti, na ilikuwa rahisi kwangu kusema mtoto amekosea.

Kama ungeniambia mwezi wa tano, sijui ningefanya nini. Huenda ningekujibu kwamba una utovu wa adabu. Siwezi kukuambia huna kosa, na siwezi kukuambia unalo. Daktari nilimuuliza kama miezi mitatu ingesaidia. Alisema, "Ingesaidia kidogo." Nikamuuliza kidogo ni kiasi gani. Alifunga faili.

Nataka kurudi nyumbani. Kampuni imesema mkataba wangu umekwisha kwa sababu ya ugonjwa, lakini siwezi kuondoka nchi hii bila kibali cha kutoka, na kibali lazima kitiwe saini na mwenye kampuni, ambaye yuko safarini. Kila Jumapili namuuliza mandub, yule anayeshughulikia karatasi zetu. Ananiambia, "Bukra, mwalimu, bukra." Hiyo bukra ni kesho. Zimepita kesho nyingi.

Kuhusu lile duara uliloweka pale pa kukutana, utapoteza alama moja, labda mbili. Si swali zima. Usikonde.

Mjomba wako, Cornelius

Sasa ni mimi Philipo. Amelala. Dada, kuna jambo alinikataza kuandika, nikamwambia sawa. Matone yaliisha wiki mbili zilizopita. Ili apate mengine lazima awe na barua ya kampuni, na kampuni inasema yeye si mtu wao tena. Tumekwenda mara mbili, mimi nikimshika mkono. Mara ya kwanza walisema tuje na barua. Mara ya pili mwenye barua hakuwepo. Nimewaomba watu wa Al Mansoura tunaosali nao, na mama mmoja, Emily, anayefanya kazi ya uuguzi, anajaribu kutafuta. Asubuhi, taa ikiwaka juu yetu, ananiuliza, "Philipo, taa imewashwa?" Namjibu imewashwa.


Litein
9 Novemba 2007

Mjomba mpendwa,

Philipo alimpigia Mama jana. Alisema kibali kimetiwa saini na unasafiri tarehe 17, usiku. Mama alimwambia arudie tarehe mara nne. Posta haiwezi kukufikia kabla ya hapo, najua, lakini naandika tu, kwa kuwa sijui kitu kingine cha kufanya na mikono yangu. Ikifika baada yako, Philipo aitunze.

Nyanya ameacha kukohoa. Viazi vilioza kwa mvua. Barabarani magari ya kampeni yanapita kila siku na watu wameanza kutazamana vibaya sokoni. Mama amenikataza kupita kule jioni.

Matokeo yametoka. Nimepata arobaini na tatu. Alama ya kupita ni arobaini. Niliyasoma ukutani, wenzangu wakanikumbatia, nikarudi bwenini nikalala mchana kutwa. Nilikuwa nimepanga siku hiyo nikupigie simu. Nilipoishika simu sikujua nitaanza vipi kukuambia kwamba nimepita.

Nilikwenda hospitali moja Kericho kuuliza. Daktari wa macho yuko Jumanne tu. Nilisubiri toka asubuhi, nikamweleza kila kitu, matone yaliyokosekana, wiki ngapi. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniuliza mimi nina umri gani, na kama nimewahi kupimwa. Nikasema sikuja kwa ajili yangu. Akasema, "Hili ni la ukoo. Keti." Alinipima. Mimi sina. Mama anakataa kwenda. Anasema akiambiwa atafanya nini, naye bado ana chai ya kuchuma. Nimembembeleza, nyanya amembembeleza. Anatoka nje.

Juzi nilimkuta chumbani utakamolala. Ameondoa kigoda kilichokuwa karibu na mlango, ameondoa debe, ameondoa hata mkeka ili usijikwae. Alikuwa amesimama katikati amefumba macho, mikono mbele, anapima hatua kutoka kitandani hadi mlangoni. Aliponisikia alifumbua, akachukua fagio akafagia mahali palipokuwa safi.

Sikuombi unisamehe. Barua yako haikunisamehe na naona ulikuwa mkweli. Mwaka ujao nina hisabati nyingine, ngumu zaidi, na nitakuwa nikija nyumbani kila mwisho wa mwezi. Nitakusomea maswali kwa sauti. Ukinigombeza kwa kosa nisilolifanya, nitakuambia hapohapo.

Tarehe 18 alfajiri tutakuwa uwanja wa ndege, mimi na Mama. Philipo anasema mfanyakazi wa ndege atakushika mkono hadi kwenye mlango wa kutokea, kisha atakuachia. Usiharakishe. Hapo huwa na watu wengi na wote wanaita majina. Usigeuke huku na huku kututafuta. Simama tu pale atakapokuachia.

Nitakuja kwa upande wako wa kulia.

Cherotich